Niliyoyafurahia Likizo Hii, na Sababu Zake

Mhariri wa gazeti letu ametuomba sisi walimu, kila mmoja kwa zamu yake, tutaje vitabu, sinema au michezo iliyotupendeza siku hizi za karibuni, ili wanafunzi na wazazi wapate kujua kitu gani cha kutafuta wakati wa mapumziko. Zamu ya muhula huu imeniangukia mimi. Nimeipokea kwa furaha, maana katika kazi zote za mwalimu hakuna iliyo nyepesi kuliko kukisifu kitu anachokipenda. Walakini kabla ya kusifu ninalo neno moja, na mwenye haraka anaweza kuliruka akaenda moja kwa moja kwenye vitabu.

Kwa desturi ya watu, mtu akiambiwa na mwenzake, "Nimesoma kitabu kizuri," huuliza, "Kinasema nini?" Hapa shuleni kwetu huulizwa swali jingine: "Mwalimu, kinatoka kwenye mtihani?" Nikijibu hapana, macho ya muulizaji huzimika kama taa iliyokwisha mafuta. Nikijibu ndiyo, hufuata swali la pili: "Je, muhtasari wake upo?" Wala simlaumu mwanafunzi. Mtihani wa Kidato cha Pili unamngoja, na wa Kidato cha Nne uko nyuma yake. Nyumbani mzazi ameuza kahawa au mahindi ili anunue sare na madaftari, naye ana haki ya kutaka kuona matunda ya jasho lake. Mtoto akionekana amejilaza mkekani na kitabu cha hadithi, baba humwuliza kama kazi za shule zimekwisha. Basi hadithi imekuwa kama peremende: hutolewa baada ya chakula, na katika nyumba nyingi haitolewi kabisa.

Nami nasema kwamba jambo hili lina hasara, na hasara yenyewe si ndogo. Chukueni mfano wa Takadini, kitabu cha Ben Hanson, ambacho kimesomwa katika sekondari zetu kwa miaka mingi. Mwanafunzi aliyesoma muhtasari ataandika kwamba mwandishi anapinga mila zinazowabagua watu wenye ualbino, naye atapewa alama zake. Lakini mwanafunzi huyo hakutembea na Sekai. Hakumwona mama huyo, aliyengoja mtoto muda mrefu, akijifungua mtoto ambaye kijiji chake kisingekubali aishi. Hakutoka naye kijijini akiwa na mtoto mgongoni, asijue atakapolala. Sasa kumbukeni kwamba nchi hii yetu imeona watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, habari zilizoitikisa dunia kuanzia miaka ya 2007 na 2008. Siku ya hatari, ni yupi atakayefungua mlango ili jirani yake aingie: yule mwenye sentensi moja ya dhamira, au yule aliyekimbia pamoja na Sekai? Jibu langu mnalijua. Dhamira huandikwa kwenye karatasi ya majibu ikabaki huko huko. Njia aliyoipita Sekai hubaki ndani ya mtu.

Kwa hiyo vitu nitakavyovitaja hapa nimevichagua kwa sharti moja tu: kwamba nilivifurahia. Sikuuliza vinatoka wapi wala vinakwenda katika mtihani gani.

Cha kwanza ni Peponi, nacho nitakaa nacho kuliko vingine. Mwandishi wake ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyekwenda Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akasoma na kufundisha huko miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Siku ile wengi wetu tulikuwa hatujapata kulisikia jina lake, ijapokuwa alikuwa amekwisha andika riwaya kumi; na sababu ni kwamba aliandika zote kwa Kiingereza, tena zilichapishwa mbali. Riwaya hii aliitoa mwaka 1994. Mwaka 2022 ilitoka kwa Kiswahili, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, ambaye hufundisha Kiswahili London, na wachapaji wakawa Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam.

Hadithi ni ya kijana Yusuf, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa bara ulioko kwenye njia ya reli, na kila mara huja kwao mgeni tajiri, aliyevaa vizuri na kunukia vizuri, anayeitwa Ami Aziz. Mgeni huyo akiondoka humwachia Yusuf sarafu, na mtoto humpenda kwa hiyo. Siku moja baba anamwambia Yusuf kwamba atafuatana na Ami Aziz safarini. Anapanda gari moshi, anafika pwani, anawekwa dukani. Na huko ndiko anakopata habari kutoka kwa kijana mwenzake, Khalil, kwamba yule tajiri si ami yake wala si ndugu yake. Baba alikuwa na deni, deni likamshinda, akamtoa mwanawe rehani.

Wenzangu, niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Rehani tunaijua sisi. Tunajua shamba la mahindi lililowekwa kabla ya mavuno, tunajua baiskeli, tunajua hata kahawa inayouzwa ikiwa bado mtini kwa bei ya kuonewa, kwa kuwa mwenye mti ana mgonjwa nyumbani. Gurnah hapigi kelele juu ya jambo hili. Hamtukani baba, wala hamfanyi tajiri kuwa shetani. Aziz anasema kwa upole, anasali, anatabasamu. Ndiyo maana kitabu kinauma. Msomaji hangoji kuambiwa kwamba ni vibaya. Anamtazama mtoto akijifunza kuacha kumwita mtu "ami", naye anaumia peke yake.

Baadaye Yusuf anachukuliwa katika msafara wa biashara kwenda bara, kuvuka ziwa, mpaka kwa mtemi aitwaye Chatu. Hapa nataka watoto wa Itaka, wa Vwawa na wa Mlowo wafungue macho. Watu wa msafara wanatoka pwani, na katika vinywa vyao watu wa bara ni washenzi. Sisi ndio hao watu wa bara! Si lazima awe Mnyiha kwa jina. Ni mtu wa mbali na bahari, anayeangaliwa na mgeni aliyekuja na vitambaa na shanga. Nilisoma sura zile huku nikiwa pande mbili kwa wakati mmoja: mguu mmoja niko na Yusuf, naogopa msitu, mbu na njaa, mguu wa pili niko na Chatu, namwangalia mfanyabiashara huyu anayejiona muungwana, nakumbuka aliyetangulia kuja kabla yake alifanya nini. Chatu anasema maneno mazito kuhusu jambo hilo, nami sitayaandika hapa, yatafuteni. Na nyuma ya hao wote, polepole, anakuja Mjerumani na askari wake, na msomaji anatambua kwamba waungwana na washenzi pia, wote wako karibu kupata bwana mmoja.

Mwisho wake sitausema. Nitasema tu kwamba nimekwisha bishana na walimu wenzangu wawili juu yake, na hatujapatana.

Kuhusu lugha, wako watakaoniambia kwamba ni afadhali kukisoma katika Kiingereza chake, ili mtoto apate faida mbili. Mwenye Kiingereza cha kutosha na akisome. Lakini watu wa hadithi ile, walipokuwa wakizungumza dukani na njiani, walizungumza Kiswahili. Mwandishi ndiye aliyewavika lugha nyingine ili awapeleke ugenini. Katika tafsiri hii wamerudi na kuvua koti. Maneno kadha ya pwani yatamsumbua msomaji wa Mbozi, nami nilikaa na kamusi ubavuni; hilo si aibu, na maneno yenyewe ni matamu.

Nikiwa bado katika tafsiri, sharti nimtaje Mwalimu Nyerere, ambaye katikati ya kazi ya kuendesha nchi alipata wakati wa kutia tamthilia mbili za Shakespeare katika Kiswahili: ya Juliasi Kaizari, iliyotoka mara ya kwanza 1963, na Mabepari wa Venisi, 1969. Nilizisoma tena zote mbili likizo hii. Naipenda zaidi ile ya Kaizari. Ile ya pili ina ufundi mwingi, lakini jina lake limekwisha toa hukumu kabla pazia halijafunguliwa: Shakespeare alisema mfanyabiashara, Mwalimu akasema mabepari! Labda alikuwa akicheka alipoandika. Wanafunzi wa klabu ya maigizo wakitaka kazi ya kuonyesha siku ya wazazi, waichukue sehemu ya mazishi ya Kaizari, ambapo watu wale wale wanamshangilia msemaji wa kwanza, na baada ya dakika chache wanamshangilia wa pili aliye kinyume chake. Kila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kampeni atawatambua.

Shaaban Robert hahitaji sifa zangu. Lakini nasikitika kwamba wengi humjua kwa picha na kwa jina la barabara tu. Kusadikika, kilichotoka 1951, ni kitabu chembamba. Mtu anaweza kukimaliza kati ya Jumamosi na Jumapili. Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria katika nchi inayoelea hewani, naye badala ya kuomba radhi anawahadithia watawala wake habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema, wakarudi nayo, wakatiwa gerezani. Kumbuka ni mwaka gani kiliandikwa na nani alikuwa akitawala Tanganyika. Ndipo utakapojua kwa nini nchi ile ilibidi ielee.

Cha mwandishi huyo huyo nilichokifurahia zaidi safari hii ni Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo miaka ya 1880, akapewa jina la Mtumwa; wazazi wake walifinyanga vyungu, naye akavichukua mjini kuviuza, akinadi kwa sauti iliyowasimamisha watu njiani. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay pamoja na wenzake wapigaji, sauti yake ikatiwa katika santuri, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanyiwa hivyo. Na santuri zile ziliuzwa mpaka bara. Alifariki mwaka 1950. Wasichana wa shule hii, kisomeni kitabu hiki. Kisha fanyeni jambo ambalo wasomaji wa kwanza wa Shaaban Robert lingewawia gumu wasipokuwa na gramafoni: sikilizeni. Baadhi ya nyimbo zake zipo katika intaneti. Sauti ina mikwaruzo kama mvua juu ya bati, na mara ya kwanza mtasema ni kelele. Sikilizeni mara ya tatu, gizani.

Kwa kuwa nimetaja kusikiliza, kuna vipindi vya sauti vinavyowekwa katika simu, ambavyo vijana huviita podikasti. Vingi nilivyovijaribu ni watu wawili wakichekeana wenyewe kwa saa nzima. Nilivyovipenda ni michezo ya kuigiza ya Noa Bongo, kutoka Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, ile idhaa ya Ujerumani iliyoanza 1963. Ni ya vijana, inahusu maisha yao, na ni mifupi. Simu haziruhusiwi shuleni, nami sitaki kuonekana nafungua mlango wa nyuma. Nasema na wazazi. Jioni, wakati wa kumenya ndizi au kuchambua maharage, simu ya baba inaweza kuwekwa katikati ya watu sebuleni, na nyumba nzima ikasikiliza, kama wazee walivyokusanyika mbele ya redio moja ya kijiji.

Sasa sinema. Hapa kwetu sinema ni kibanda cha video: benchi, pazia jeusi, na mtafsiri anayefasiri maneno ya Wachina na Wahindi kwa namna apendavyo, hata mara nyingine hadithi yake ikawa bora kuliko ya wenyewe. Mimi sivichukii vibanda; kazi ya mtafsiri ni sanaa kamili, na siku moja mtu atakuja kuiandikia kitabu. Ninachosikitikia ni kwamba mtoto anaweza kutazama picha mia mbili asione hata moja ambayo ndani yake watu wanaamkiana kama anavyoamkiana na bibi yake.

Nilitazama mbili katika kompyuta ya rafiki yangu. Ya kwanza ni Vuta N'kuvute, iliyotengenezwa na Amil Shivji kutoka katika riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Mwaka 2021 ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada. Ni habari ya Unguja ya miaka ya 1950: binti wa Kihindi, Yasmin, aliyeozwa kwa mzee, anatoroka ndoa ile, anakutana na Denge, kijana mpigania uhuru. Rangi zake ni za ajabu; taa, kanga, mvua juu ya mawe ya mjini. Ikiwa nitasema ukweli, mambo ya siasa nayaona yamepita haraka, na aliyesoma kitabu atamkumbuka Denge mwenye nyama zaidi kuliko huyu wa pichani. Tena ni picha ya watu wazima na wa kidato cha juu. Mzazi aitazame kwanza yeye mwenyewe. Kitabu nacho ni kinene, na nakisifu kuliko picha yake.

Ya pili ni Supa Modo, ya Mkenya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Hii naomba kila mtu aione, kuanzia mtoto wa darasa la kwanza mpaka mkuu wa shule. Jo ni msichana wa miaka tisa, mgonjwa wa ugonjwa usiopona, anayependa picha za mashujaa wanaoruka angani. Mama yake amemtoa hospitali ili siku zilizobaki azimalizie nyumbani, naye anataka kumhifadhi kitandani. Dada yake anaona vingine: anawashawishi watu wa kijiji wajifanye kwamba Jo ana nguvu za ajabu, na mwishowe kijiji kizima kinamtengenezea sinema yake mwenyewe. Mwenye kibanda cha video ndiye anayekuwa mtengenezaji wa picha! Hakuna nyumba za ghorofa, hakuna magari yanayolipuka. Kuna vitambaa, kamera, na watu wazima wanaokubali kuonekana wapumbavu kwa ajili ya mtoto mmoja.

Nilimwonyesha picha hiyo mama mmoja jirani yangu, ambaye alipata kumuuguza mtoto. Hakusema neno mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini hizi hamtuletei?" Sikuwa na jibu la kumpa, na swali lake ndilo lililonifanya niandike makala hii ndefu badala ya kuorodhesha majina matano na kwenda zangu. Yeye hakuuliza kama inatoka kwenye mtihani. Aliona kitu ambacho alikuwa na haja nacho, akashangaa kwa nini kilichelewa kufika kwake.

Imebaki michezo, na katika michezo ninao mmoja tu wa kusifu, nao ni bao. Likizo hii nilifundishwa upya na mzee mmoja wa hapa Itaka ambaye tunamwita Babu wote, wajukuu kwa wasio wajukuu. Shikamoo yako ikishapokewa, husalimiani tena. Unakaa na kufungwa. Vijana wengi hudhani bao ni kazi ya wazee wasio na kazi. Hebu wahesabu: mashimo thelathini na mawili, safu nne za mashimo manane manane, kete sitini na nne. Kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa katika nyumba. Ishirini na mbili zimo mkononi, na hunamua moja moja mpaka ziishe, ndipo mchezo wa mtaji uanze. Kila mkono unaocheza hubadilisha mashimo mengi kwa pamoja, na mchezaji mzuri huona mizunguko mitatu au minne kabla hajagusa kete. Babu huona zaidi ya hapo. Wakati mimi nahesabu kwa midomo, yeye anazungumza habari za bei ya mbolea, kisha anacheza, na safu yangu ya mbele inabaki tupu.

Jambo la nyumba ndilo lililonipendeza kuliko yote. Kete zikifika katika nyumba yako unaweza kulala, zikatulia hapo. Au unaweza kusafiri, ukaivunja nyumba yako mwenyewe na kuzitawanya kete zake mbele. Ukisafiri mapema unaweza kufilisika. Ukilala kila mara adui atakuja kuila nyumba yote kwa mkono mmoja. Hakuna kanuni ya kukwambia lini. Nimefundisha hesabu za mpangilio kwa miaka kadhaa bila kupata mfano mzuri kuliko huo, na mwalimu wa hesabu akitaka kuuazima, ruhusa anayo.

Nataja bao kwa sababu nyingine pia. Katika simu za vijana mchezo ulioenea sasa ni kubashiri matokeo ya mpira, na karatasi yake ya ubashiri huitwa mkeka. Sheria inawazuia walio chini ya miaka kumi na minane. Lakini simu ya kaka haiulizi umri wa mdogo wake. Babu naye hucheza bao juu ya mkeka, wa ukindu. Kwenye mkeka wake nimefungwa mara kumi na moja, na kila mara niliondoka najua ni kete ipi iliyoniponza. Mwulizeni aliyepoteza mkeka wa simu kama anajua jambo gani zaidi ya lile alilolijua jana.

Basi naleta shauri langu kwa mkuu wa shule na kamati ya wazazi. Naomba kipindi kimoja kwa juma, Ijumaa mchana wakati akili zimechoka, kiwe cha kusoma kitu chochote mwanafunzi apendacho, bila maswali, bila alama, wala muhtasari. Mwalimu naye asome, mbele yao, asisahihishe madaftari. Naomba pia daftari moja kubwa lifungwe kwa kamba katika mlango wa kabati la vitabu. Kila anayerudisha kitabu aandike humo mstari mmoja: nani katika shule hii akisome, na kwa nini. Si dhamira, si fani. "Fulani akisome kwa sababu naye amelelewa na mjomba." "Kisomwe na anayeogopa giza." Naamini maneno kama hayo yatawatoa watoto kwenye muhtasari kuliko hotuba zangu. Gharama yake ni bei ya daftari na kamba.

Nakala yangu ya Peponi nimekwisha iweka katika kabati hilo. Nimeifunika kwa karatasi ya kaki, maana jalada limeanza kulegea. Wa kwanza kuichukua ni msichana wa Kidato cha Tatu aliyeniomba kabla sijamaliza kuisoma. Baada yake wamejiandikisha wengine wanne, na wa tano ni mpishi wetu wa shule. Anayetaka kuwa wa sita aje aniambie. Na mzazi atakayekwenda Mbeya au Dar es Salaam, akipita duka la vitabu, akaona nakala ya pili, naomba aikumbuke shule.